Gauni la Kanisani

Saa nane na dakika kumi mchana wa Jumapili, Sajini Namalwa alikuwa amesimama kando ya kitanda cha msichana aliyekuwa akitokwa na mate kama mtoto anayeota meno. Muuguzi anapangusa, yanatoka tena. Msichana aliitwa Sue, miaka kumi na saba, kidato cha tatu, mtoto wa pekee wa Waithera. Na Waithera ni nani? Bonde lote la Subukia linamjua. Ndiye anayeongoza kwaya ya akina mama, na akianzisha wimbo hata wale wa viti vya nyuma huacha kusinzia.

Leo hakuwa anaimba. Alikaa kwenye benchi nje ya wodi, mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili utadhani kuna mtu anataka kumnyang'anya.

Daktari Kimeli alimvuta Namalwa mpaka dirishani. Alikuwa kijana mwembamba ambaye tangu asubuhi hakuwa ameketi. Alieleza kwa ufupi kwamba mtoto aliletwa saa sita akiwa amelegea, mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini, misuli inarukaruka, kifua kinakoroma kama mtu anayepumulia ndani ya maji. Mama alisema ni homa. Wakapima malaria, hakuna. Na kwa kuwa kila mtu alijua kulikuwa na nini kule kwa ile sherehe ya muziki ya vijana tangu Ijumaa, daktari akadhani ni dawa za kulevya, akamdunga sindano ya kuzivunja nguvu. Akarudia. Mtoto hakushtuka hata kidogo.

"Kuna kitu kingine kinachofanana na hivi," alisema. "Sumu. Zile za kunyunyizia wadudu. Dawa yake ninayo, lakini hiyo si ya kujaribu-jaribu. Inataka nyingi, moja baada ya nyingine, na kama nimekosea, moyo utamkimbia mpaka usimame. Nimeomba ambulansi kutoka Nakuru. Wamesema saa kumi na moja."

"Atafika saa kumi na moja?"

Daktari aliangalia kile kifua kikipanda na kushuka. "Hivi anavyopumua, siwezi kukuahidi. Nitafutie alichokunywa, Sajini. Ama mama yake aseme."

Namalwa alirudi kitandani akamwangalia mtoto vizuri, polepole, kutoka kichwani kwenda chini, vile alivyofundishwa. Nywele zilikuwa na unyevu. Mwili ulinukia sabuni ya kipande. Gauni lilikuwa la kanisani, jeupe lenye kola ya lesi, limepigwa pasi, lakini vifungo vilikuwa vimepishana kuanzia cha juu. Mgongoni mwa kiganja cha kulia ngozi ilikuwa nyekundu imechubuka, na ndani ya mikunjo ya ngozi kulikuwa kumebaki rangi ya kijani. Kijani hicho alikuwa amekiona alfajiri kwa mikono kama arobaini. Kilikuwa muhuri wa kuingilia kwenye sherehe.

Akatoka akaketi kando ya Waithera.

"Mama Sue, mtoto alilala wapi jana?"

"Nyumbani."

"Akaamka akaoga?"

"Eeh. Alikuwa anajitayarisha kuenda kanisa, akaanguka."

"Vifungo alijifunga mwenyewe?"

Waithera akausogeza mkoba karibu zaidi na tumbo.

"Vimepishana, mama. Msichana wa umri huo hawezi kutoka kwa mlango hivyo. Na mkono wake umesuguliwa na jiwe la miguu."

"Madam, mimi ni mama wa kanisa." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mtoto wangu si wa kuenda mahali kama pale. Uliza mtu yeyote."

Namalwa alikuwa amehoji wezi wa mifugo na matapeli wa mashamba, na alijua uongo wa mtu mkorofi unavyosikika. Huu haukuwa huo. Huyu mama hakuwa akimdanganya polisi peke yake, alikuwa akijidanganya pia, na mtoto alikuwa hatua nne kutoka pale akipumua kwa shida. Na wewe unayesoma usiwe mwepesi wa kumcheka. Fikiria kwanza ni nini ungefanya wewe, mtoto wako akirudi alfajiri ananuka pombe, na wenzako wa kwaya wanapita barabarani na vitabu vya nyimbo mkononi.

Namalwa alimwambia muuguzi asimwache Waithera aondoke, akaenda kwa gari.

Koplo Kiprugut aliendesha. Njia ni ya vumbi, mahindi huku, kahawa kule, na mwisho wake kuna uwanda wa nyasi uliokuwa malisho ya shamba la mzungu zamani. Siku hizi ni wa ndugu wawili wanaoishi Nairobi na hawajauona mwaka wa tatu huu. Hapo ndipo wale wageni waliingia Alhamisi na mabasi manne yaliyopakwa rangi kama mabawa ya vipepeo, mahema na spika za kimo cha mlango. Walijiita wahamaji. Kibali hawakuwa nacho. Walimwonyesha naibu wa chifu barua iliyosema ni semina ya vijana, na yeye alipoona neno semina akauliza tu kama kutakuwa na maombi ya kufungua.

Kwa kelele za muziki, siku tatu ng'ombe wa bonde hilo waligoma kuteremsha maziwa. Simu za malalamiko zilipigwa kituoni mpaka karani akachoka kuandika. Lakini sikiza ajabu yake. Kila mzazi aliyepiga simu alilalamika kuhusu watoto wa wenzake. Ukiwauliza, hapakuwa na mtoto wao pale. Wenyeji kama mia mbili walikuwa wakicheza kwenye nyasi zile, na hawakuwa wa mtu.

Alfajiri ya Jumapili Inspekta Maina, mkuu wa kituo, alienda na malori mawili na vitoa machozi, akawatawanya. Watoto walipita kwenye seng'enge na mahindi, kila mmoja akajua njia ya kwao. Namalwa alikuwepo. Hakuna aliyeandika jina la hata mmoja, na jambo hilo lilikuwa limeanza kumkera.

Walipofika, Inspekta Maina alikuwa bado hapo akimtembeza mshukiwa wake kwa pingu ili aonyeshe kila hema lilipokuwa. Mshukiwa aliitwa Obura, mwenye kupanga sherehe, mwanamume wa miaka thelathini hivi, kofia ya sufu kwenye jua kali.

"Umechelewa, Sajini," Maina alisema. "Kesi imeisha. Misokoto kumi na minne ya bangi, na mwenyewe huyu hapa."

"Mkubwa, kuna msichana hospitalini anatokwa na mate na mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Bangi haifanyi hivyo."

"Tangu lini wewe ni daktari?"

"Ni daktari aliyenituma."

Obura aliingilia, sauti imemkauka. Alisema hawakuuza unga wa kulevya wala vidonge, na hata ile bangi si yake, ni ya watu walioacha hema. Walichouza ni pombe kali na juisi ya nanasi, iliyochanganywa ndani ya jerikeni tatu za lita ishirini pale kando ya jukwaa. Hayo tu.

"Ziko wapi hizo jerikeni?"

Maina akajibu kwamba ziko kwenye lori kama ushahidi. Kilichokuwa ndani alikimwaga mwenyewe kwa mguu wake, kama kawaida ya polisi wakikuta pombe. Alisema hivyo kwa fahari kidogo.

Namalwa alienda mahali pale. Nyasi zilikuwa zimelala, na madoa matatu ya maji matamu yalikuwa yamekauka nusu, yanang'aa. Doa la kwanza lilikuwa jeusi kwa nzi, wakaruka kwa kelele alipokaribia kisha wakashuka tena. La pili vivyo hivyo, na nyuki juu yake. La tatu pia lilikuwa jeusi kwa nzi. Lakini hawa hawakuruka.

Akachuchumaa. Walikuwa wamelala chali, wamerundikana kama majani ya chai yaliyomwagwa kutoka kwa kichungi. Siafu waliokuja kuwachukua walikuwa wamekufa wakiwa bado wameshika miguu ya nzi.

"Kiprugut, leta zile jerikeni."

Zilikuwa tatu, mbili nyeupe na moja ya njano. Akanusa nyeupe, nanasi na pombe. Akanusa ya njano. Kwanza nanasi, halafu chini yake harufu nyingine, nzito, kama kitunguu saumu kilichokaa kwenye mafuta ya taa. Ilimpanda mpaka kwenye macho. Akampa Kiprugut.

"Nanasi," Kiprugut alisema.

"Na chini ya nanasi?"

Akanusa tena. "Hakuna kitu, afande. Ni harufu ya kawaida tu."

"Ya kawaida ya nini?"

"Ya Jumamosi." Kiprugut alimshangaa kidogo. "Ya kupulizia ng'ombe dawa."

Namalwa alikulia kwenye mashamba ya miwa, kwao Bungoma, ambapo Jumamosi ilinukia sukari guru. Kiprugut alikulia na ng'ombe mpaka mlangoni. Pua yake ilikuwa imezoea harufu hiyo kiasi kwamba ilikuwa imeacha kumwambia kuwa ipo. Na bonde lote lilikuwa na pua kama ya Kiprugut.

Akamgeukia Obura. "Hizi zote mlikuja nazo?"

"Hizo nyeupe mbili. Ya njano tulipewa hapa, madam. Jumamosi jioni watu walizidi, vyombo havikutosha." Akaelekeza kwa kidevu, kwa kuwa mikono ilikuwa imefungwa. Ng'ambo ya seng'enge kulikuwa na kuta mbili za mawe na paa la mabati, josho la wafugaji wa hapo. "Mzee wa pale alitupa."

"Waliokunywa ya njano ni nani?"

"Ma-local. Ilikuwa asubuhi karibu mje, sisi wa Nairobi tulikuwa tumelala. Kuna wasichana na mavijana wa hapa walikuja wakitaka, tukawaambia jichoteeni, ni bure." Akameza mate. "Madam, kwani kulikuwa na nini ndani?"

Namalwa alishamgeuzia mgongo. Alikuwa tayari anavuka seng'enge.

Mzee Njuguna, mtunza josho, alikuwa ameketi kwa kigoda akishona hatamu. Alimkaribisha vizuri, akataka kumtafutia kiti. Namalwa alimuuliza kuhusu jerikeni ya njano, na mzee hakuona sababu ya kuficha. Alieleza kazi yake kama mtu anayeipenda. Kila Jumamosi asubuhi wanachama huleta ng'ombe. Dawa ya kupe huja kali ndani ya jerikeni, yeye ndiye anayeipima na kuichanganya na maji. Na kila mara huacha kidogo chini, kama kikombe kimoja, isichanganywe, kwa ajili ya mtu atakayechelewa na ndama wake. Jerikeni huoshwa Jumatatu. Ndivyo walivyofanya tangu josho lilipojengwa.

"Na jana ulipowapa?"

"Waliomba ya maji, mwanangu. Wamekanyaga mavi ya ng'ombe siku mbili, nikajua ni ya kunawa miguu. Nikaisuuza kwa nje mara moja."

"Kile cha chini ulikimwaga?"

Sindano ya kushonea ikasimama. Mzee alitazama ng'ambo ya seng'enge, kule kwenye nyasi zilizolala.

"Waliinywea?" akauliza.

"Waliinywea."

Aliingia ndani bila kuambiwa, akatoka na jerikeni nyingine ya njano ambayo haijafunguliwa, karatasi yake bado imebandikwa, akaiweka mbele ya Namalwa kwa mikono miwili. Namalwa akapiga picha yale maandishi madogo na kumtumia daktari. Kisha akapiga simu. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika ishirini.

"Nimeiona," Kimeli alisema. "Ni ile jamii yenyewe niliyokuwa naogopa. Lakini niambie, unajua kwamba Sue alikunywa hii? Kulikuwa na watu wangapi pale?"

"Mia tatu na zaidi."

"Basi bado ni kubahatisha. Na hali yake imezidi kuwa mbaya. Matapishi yake sina, nguo zake sina, aliletwa msafi kama bibi harusi."

"Mpe mama simu."

Ilichukua muda. Namalwa alisikia miguu, mlango, halafu pumzi ya Waithera.

"Mama Sue. Sikuulizi alikuwa wapi. Hilo silitaki tena. Nguo ulizomvua asubuhi zilinuka nini?"

Namalwa hakungoja.

"Mama, daktari ameshika dawa mkononi. Anakungojea wewe."

"Zilinuka pombe," Waithera alisema. Ni kama alikuwa amebeba gunia na sasa limemteleza. "Alikuja akitambaa, madam. Alinitapikia miguuni. Nilisema nikimpeleka hivi watasema mtoto wa Waithera ni mlevi. Nikapasha maji. Nikamwosha, nikamsugua ule mkono, nikamvalisha. Nilichelewa masaa manne nikimsafisha."

"Pombe peke yake?"

"Na josho. Zilinuka josho, lakini hiyo sikuijali, jana ilikuwa Jumamosi, yeye ndiye aliyeshika ng'ombe..." Akakatiza. Aliporudi sauti ilikuwa nyingine kabisa. "Alishika ng'ombe akiwa amevaa overoli ya baba yake. Overoli iko kwa kamba. Zile zilikuwa nguo zingine. Na matapishi, madam. Ni matapishi ndiyo yalinuka josho."

Simu ilianguka chini, au iliwekwa vibaya. Namalwa alisikia sauti ya Kimeli ikimwita muuguzi kwa jina, mara mbili, halafu magurudumu ya kitoroli.

Inspekta Maina alikuwa amemfuata mpaka kwenye seng'enge na alikuwa amesikia ya kutosha. Aliangalia viatu vyake, vile alivyopigia teke zile jerikeni, akavipangusa kwenye nyasi. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba alfajiri walipaswa kuwashika watoto wote na kuandika majina, badala ya kuwafukuza.

"Tulipaswa," Namalwa alisema.

Alifika hospitalini saa kumi na nusu na dakika chache. Mate yalikuwa yamekauka. Muuguzi alimwonyesha kwa kidole, kwa sababu hakutaka kusema kwa sauti jambo ambalo lingeweza kubadilika. Kifua cha Sue bado kilikuwa kizito lakini hakikoromi. Kimeli, jasho limelowesha mgongo wa koti lake, alisema mboni zimeanza kufunguka, na kwamba sasa anaamini atafika Nakuru akiwa hai. Zaidi ya hapo hakutaka kusema. Alikuwa ameagiza ambulansi ije na dawa zaidi.

"Zaidi kwa nini?"

"Kwa sababu jerikeni ni lita ishirini, Sajini. Huyu labda alikunywa vikombe viwili hivi. Wengine wako wapi?"

Waithera alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, mkono wa mtoto shavuni. Namalwa alimuuliza Sue alienda na nani. Hakujua. Mtoto alitoroka kupitia dirishani wakati wenye nyumba wamelala. Namalwa akasema Inspekta ametoa askari wote na manaibu wa chifu wapite nyumba kwa nyumba, lakini sauti yake haikuwa na imani, na Waithera aliisikia.

"Watapata nini?" Waithera aliuliza. "Askari akibisha, mama atatoka aseme mtoto ana homa. Ama atasema ameenda kwa nyanya yake. Mimi nilikuambia nini?"



Waithera aliinuka. Akafungua ule mkoba alioushika siku nzima, akatoa simu. Kuna kundi la akina mama wa kanisa kwenye simu hiyo, wanawake tisini na wawili, na yeye ndiye huwatumia neno la asubuhi kila siku. Alibonyeza, akaanza kuongea, akafuta. Akabonyeza tena. Namalwa alitaka kutoka ampe nafasi, lakini Waithera alimwonyesha kwa mkono abaki.

"Akina mama, ni mimi Waithera. Mtoto wangu Sue alikuwa kule kwa ile sherehe. Alikunywa pombe. Imechanganyika na dawa ya kupe, ni sumu, hakuna aliyejua. Alikuja kwangu akifa, nikaona aibu, nikamwosha na kumdanganya daktari. Masaa manne nilikuwa namwosha mtoto anayekufa. Kama wako yuko kwa kitanda hapo na anatokwa na mate, usiseme ni homa. Usimwogeshe, usimbadilishe nguo, usingoje baba yake arudi. Mlete vile alivyo. Mimi nitakuwa kwa geti."

Akaituma. Wakasimama wote wawili wakiangalia kioo. Alama zikaonyesha ujumbe umesikilizwa na watu watano, kumi na mmoja, ishirini na tatu. Hakuna aliyeandika neno. Uso wa Waithera ulikuwa wa mtu aliyevuliwa nguo sokoni, lakini hakuizima simu.

Halafu jibu likaingia. Lilikuwa maneno matatu tu, bila jina la mtoto: Wangu pia, tunakuja.

Likafuata lingine. Na lingine la mtu aliyeuliza kama hata mvulana anaweza kuletwa.

Waithera alimbusu Sue kwenye paji la uso, akampa muuguzi mahali pake, akatoka. Namalwa alimfuata kwa mbali. Mama huyo alienda akasimama katikati ya geti, mahali ambapo kila anayepita barabarani angemwona na kumjua. Haukupita muda pikipiki ikapanda kilima kwa fujo, nyuma yake mwanamke wa kwaya amemkumbatia msichana aliyefunikwa blanketi mpaka kichwani. Ilipofika karibu na geti mwanamke akamwambia dereva apunguze. Aliangalia watu waliokuwa nje. Ni kama alitaka kugeuza.

Waithera aliwafikia kabla pikipiki haijasimama. Akaliondoa blanketi usoni mwa mtoto.

"Shuka, mama," alisema. "Mshike huko miguuni, mimi nishike huku."